Mwandishi, Mtunzi na Mchapishaji: Kazi ya Shaaban Robert wa Tanga na Majina Tunayoipa

Wafasiri, pamoja na maofisa wanaoshughulika na mikataba ya vitabu, wametuuliza mara nyingi ni neno gani lifaalo kumtaja mtu atungaye hadithi kwa nguvu zake mwenyewe, asiyeajiriwa na gazeti wala shirika ili atunge, ambaye mswada wake ni mali yake hadi autoe kwa hiari. Wako wasemao mwandishi huru, wako wasemao mwandishi binafsi, na walio wengi husema mwandishi wa kujitegemea. Tumeona kwamba swali hili halijibiki vema kwa kufungua kamusi peke yake. Yafaa kwanza tumtazame mtu aliyeifanya kazi hiyo katika lugha yetu kabla majina yake hayajatulia, tuone alifanya nini hasa na nani alimfanyia yaliyobaki, ndipo tuyapime maneno. Mtu huyo ni Shaaban Robert, na mahali penyewe ni Tanga.

Tanga na mwambao wake haukuwa mkavu wa maandishi kabla yake. Hemedi bin Abdallah al-Buhry alikuwa ametunga utenzi wa vita vya Wadachi katika Mrima, na kazi hiyo ilipita mkono kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa liwali, aliandika Habari za Wakilindi, na sehemu zake zikapigwa chapa na mitambo ya misheni ya Magila, karibu na Muheza, kuanzia mwisho wa karne ya 19. Katika mji wa Tanga wenyewe, shule ya serikali ya Wajerumani ilitoa gazeti la Kiongozi tangu 1905 mpaka vita vilipolizima. Kwa hiyo kalamu zilikuwapo, na wasomaji walikuwapo. Lakini mtazame mwenye mtambo: hapa ni misheni, pale ni serikali. Mtunzi wa mwambao alikuwa na wino na karatasi, illa mlango wa kutokea hakuwa nao. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno tutakayoyatazama.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaingia kazi ya serikali akiwa karani wa forodha, kazi aliyoishika hadi 1944, na Pangani ni kituo kimojawapo alichokitumikia. Baadaye alikuwa katika idara ya wanyama, halafu katika ofisi ya jimbo Tanga kuanzia 1946 hadi 1952, na mwisho katika ofisi ya upimaji hadi 1960. Hiyo ni miaka 34 ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Alifariki Juni 1962. Basi mtu tunayemwita baba wa nathari ya Kiswahili cha kisasa, ukihesabu kwa kalenda, aliishi bila meza ya ofisi kwa muda wa miaka ipatayo miwili tu. Vitabu vyake karibu vyote vilitungwa katika saa ambazo serikali haikuzilipia.

Hapa pana neno la kwanza la kutuzuia njiani. Katika Kiswahili cha siku zile mwandishi alikuwa ni mtu yeyote ashikaye kalamu kwa kazi: karani wa baraza, katibu wa liwali, mwandikaji wa barua za watu sokoni, na mtunga vitabu pia. Shaaban Robert alikuwa mwandishi mchana kwa maana moja na mwandishi usiku kwa maana nyingine. Mchana alinakili hesabu za bidhaa za watu wengine. Usiku alitunga nchi ambazo hazipo katika ramani ya forodha. Leo maana ya ukarani imejitenga na neno hilo, na katibu na karani wamechukua nafasi zao. Hata hivyo mabaki yake yangali yanatusumbua, kwa kuwa mwandishi wa habari na mwandishi wa riwaya hukaa chini ya jina moja, na sheria inayomlinda mmoja haimfai mwingine sawasawa. Mtunzi ni neno bora zaidi. Kutunga ni kupanga kitu kwa kitu, kama shanga katika uzi, mpaka kitokee kitu ambacho hakikuwapo. Karani huandika bila kutunga. Mshairi asiyejua kusoma hutunga bila kuandika, na mwambao una mifano mingi ya hao. Kwa hati za mkataba, twapendekeza mtunzi atumike kila panapohusu umiliki wa kazi, na mwandishi abaki kwa matumizi ya jumla.

Sasa tuufuate mswada. (Neno hili nalo limepata mzigo wa pili, maana Bunge hupokea miswada ya sheria, lakini muktadha hutofautisha, wala hatujasikia mtunzi aliyepeleka riwaya yake Dodoma ikasomwa mara ya pili.) Mswada wa mtu wa Tanga katika miaka ya 1940 haukuwa na safari fupi. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930, ilikuwa na mamlaka ya kusanifisha Kiswahili na kutoa idhini kwa vitabu vya shule. Na kwa kuwa soko kubwa la vitabu lilikuwa shule, kitabu kisicho na idhini kilikuwa kama jahazi lisilo na gati. Baada ya idhini lilibaki suala la mchapishaji, naye alikuwa mbali. Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg, katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Maisha Yangu (1949) na Kusadikika (1951) yalitolewa na Nelson wa Uingereza. Adili na Nduguze (1952) na Macmillan. Fikiri tu njia yenyewe: karatasi zilizoandikwa Tanga zasafirishwa kwa meli, zasomwa na mtu asiyepata kuiona Pangani, zarudi na masahihisho ya tahajia, na mtunzi angoje.

Kungoja huko kuna kipimo chake. Kufikirika ilitungwa mnamo 1946. Ilitoka Nairobi, kwa Oxford, mwaka 1967, na mtunzi alikuwa kaburini kwa miaka mitano. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitolewa na Nelson mwaka 1968. Wasifu wa Siti binti Saad ulitokea kwanza mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili, nao ukawa kitabu mwaka 1967. Hatuna haja ya kumtafutia mtu lawama kwa kila mwaka uliopotea; biashara ya vitabu vya Kiafrika ilikuwa ndogo na wachapishaji walikuwa na hesabu zao. Lakini mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba riwaya fulani ni ya 1967 au ya 1968 awaambie pia kwamba hiyo ni tarehe ya mchapishaji, si ya mtunzi. Kufikirika, nchi inayobishania elimu na uongozi, ilifikiriwa chini ya gavana na ikasomwa chini ya rais. Msomaji wa 1967 aliweza kuiona kama maoni juu ya taifa jipya, kumbe ni maoni ya karani juu ya utawala aliokuwa akiutumikia. Kwa hiyo katika orodha za vitabu twashauri zitajwe tarehe mbili, mwaka wa kutungwa na mwaka wa kuchapishwa, kila zinapojulikana zote mbili.

Haishangazi basi kwamba Shaaban Robert, katika miaka yake ya mwisho, alifungua mlango wake mwenyewe. Baadhi ya vitabu vyake vya miaka hiyo, mathalani Insha na Mashairi, Masomo Yenye Adili na Almasi za Afrika, vilitoka Tanga kwa jina la Art and Literature, shughuli ya uchapishaji aliyoianzisha yeye. Twakiri kwamba jina hilo latuchoma kidogo. Mtu aliyeisifu lugha ya mama kuliko wote aliipa biashara yake jina la Kiingereza! Lakini tusimhukumu upesi. Angeiitaje? Sanaa lilikuwapo. Fasihi, kwa watumiaji wengi wa wakati ule, lilikuwa karibu zaidi na sifa ya usemi safi wenye ufasaha kuliko jina la jumla la maandishi bunifu. Maana hiyo ya pili ilipata nguvu baadaye, shuleni na vyuoni. Huenda pia jina la kigeni lilikuwa na faida mbele ya benki na posta za zama zile. Alihitaji jina la kitu ambacho Mswahili hakuwa amewahi kukimiliki, na lugha haikuwa imekitengea nafasi.

Hapo ndipo Kiswahili kilipo tajiri kuliko tunavyokidhania, maana viambishi vyetu hufanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno mengi. Wazee walisema kupiga chapa, na mpaka leo serikali ina Mpiga Chapa wake Mkuu. Kutokana na chapa tumepata kuchapa, na mchapaji ni yule mwenye mtambo, ingawa maofisini mchapaji alikuwa pia mtu wa taipureta. Ukiongeza kauli ya kusababisha, kuchapa huwa kuchapisha, na mchapishaji ni yule asababishaye kitabu kichapwe: ndiye atoaye mtaji, ndiye achaguaye mswada, ndiye apataye hasara vitabu visiponunuliwa. Tofauti hii ya silabi moja hukosewa kila siku katika nyaraka tunazoletewa, na si kosa dogo. Mtunzi akienda kwa mchapaji, ni yeye amlipaye. Akienda kwa mchapishaji, ni yeye alipwaye. Tumewahi kuona mtunzi kijana ambaye mkataba wake ulimtaja mwenye kampuni kuwa mchapaji katika kifungu cha pili na mchapishaji katika kifungu cha tano, naye akalipa gharama zote kwa kifungu cha pili na kutoa haki zote kwa kifungu cha tano.

Sasa huyu wa Tanga, aliyetunga mwenyewe na kuchapisha mwenyewe, tumwiteje? Wengine hujaribu kujichapisha. Tunalikataa. Kujichapisha, kwa sarufi, ni kujifanya wewe mwenyewe ndiye kitu kinachochapishwa, na kujichapa ni kujipiga viboko, jambo ambalo watunzi waliokopa fedha za karatasi watasema haliko mbali sana na ukweli. Kauli ya kutendea ndiyo itupayo maana kamili: kujichapishia, yaani kuchapisha kwa ajili na kwa faida ya nafsi yako. Mtunzi anayejichapishia ni kundi la maneno lililo wazi, latamkika, nalo halihitaji maelezo kwa mtu wa Muheza wala wa Bukoba. Ukitaka jina la kitendo, kujichapishia chenyewe chatosha. Miundo mirefu ya uchapishaji binafsi wa mtunzi mwenyewe ni ya kupoteza wino.

Tuje kwenye fedha, kwa maana ndipo istilahi inapouma. Sehemu ya bei ya kitabu inayomwendea mtunzi kila nakala inapouzwa huitwa mrabaha, neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi wa faida. Ni neno zuri, nalo limetanuka. Siku hizi lasikika zaidi katika habari za madini, ambapo mchimbaji huilipa serikali mrabaha kwa kile akitoacho ardhini. Mlinganisho huo si mbaya kwa mtunzi: kitabu ni mgodi wake, na kila atakayechimba humo amlipe. Hata hivyo, miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kufasiri mkataba wa taasisi moja ambayo hatutaitaja, na katika rasimu ya Kiswahili iliyotangulia malipo hayo yaliandikwa zawadi ya mtunzi. Mwenye rasimu aliona ni adabu. Lakini zawadi haidaiwi. Mtoaji akikosa kuitoa hakuna hakimu atakayemshurutisha, na mpewaji akiidai ataonekana mkosa shukrani. Tulilifuta neno hilo tukaandika mrabaha, na mazungumzo yakachelewa kwa wiki tatu, kwa kuwa sasa kila upande ulielewa kilichokuwa kinasemwa.

Kadhalika hakimiliki. Zamani wengi waliandika haki ya kunakili, tafsiri ya moja kwa moja iliyobana maana: yaonyesha kana kwamba jambo lote ni la kunakili karatasi, hali mtunzi humiliki pia tafsiri, mchezo wa jukwaani na matangazo ya redio yatokanayo na kazi yake. Hakimiliki huliweka jambo mahali pake, katika umiliki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka kipindi cha uhai wa mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kazi za mtu aliyefariki 1962 zilifika ukingo wa ulinzi mwaka 2012. Hapa pana uchungu wa hesabu: kitabu kilichotungwa 1946, kikakaa 21 bila kuchapishwa, hakikumlisha mtunzi hata siku moja, na miaka ya warithi ilikuwa imeanza kwisha kabla nakala ya kwanza haijafungwa jalada. Sheria huhesabu kuanzia kifo. Haikihesabii kitabu miaka kiliyoikaa kabatini.

Juu ya majina ya aina za maandishi hatutakaa sana, kwa kuwa yamejadiliwa na wengine. Itoshe kusema kwamba Kusadikika na ndugu zake ziliwafikia wasomaji zikiwa hadithi, na riwaya ni vazi walilovishwa na wahakiki. Lakini kwa wasifu tuna deni kwa mtu wa Tanga: alipoandika maisha ya Siti binti Saad aliliweka neno hilo katika jina la kitabu, na limekaa. Maisha yake mwenyewe aliyaita maisha tu. Tawasifu, kwa habari za mtu aziandikazo juu ya nafsi yake, limekuja baadaye nalo limekubalika vyuoni, ingawa masikioni mwa wengi silabi yake ya kwanza bado haijisemi yenyewe.

Turudi kwenye swali tulilooanza nalo. Mwandishi binafsi tunaliondoa kwanza. Binafsi ni kinyume cha umma, na kutunga hadithi si shule wala zahanati hata igawanywe hivyo. Mwandishi huru lina mvuto, lakini kinyume chake ni mwandishi mtumwa au mfungwa, na uhuru huo ni wa mawazo zaidi kuliko wa riziki. Mtunzi aliyeajiriwa aweza kuwa huru wa mawazo, na asiyeajiriwa aweza kuwa mtumwa wa soko. Labaki la kujitegemea. Neno hili lilipewa uzito na Azimio la Arusha, Februari 1967, mwaka uleule Baraza la Kiswahili lilipoundwa kwa sheria, na mwaka uleule Kufikirika ilipotoka. Maana yake ni ya kiuchumi, kusimama kwa miguu yako, nayo yalingana na jambo lenyewe.

Lakini je, Shaaban Robert alijitegemea? Kwa mshahara, la. Aliitegemea serikali ya kikoloni miaka 34. Yule Utubora wake, karani aliyeacha kazi ya malipo akaenda kulima, alifanya katika kitabu kile ambacho mtunzi wake hakuweza kukifanya akiwa na watoto na ndugu wa kuwalisha. Twaona kwamba alijitegemea katika mswada. Hakuna aliyemwagiza Kusadikika, hakuna aliyemlipa kabla ya kuitunga, na aliyetaka kuichapa ilimpasa kumwomba. Hiyo ndiyo maana tunayopenda neno lichukue: mtunzi wa kujitegemea ni yule ambaye kazi yake ni mali yake tangu neno la kwanza, hata kama asubuhi huvaa kanzu ya karani. Ukilifunga neno kwa wale tu wanaoishi kwa vitabu, utawatoa watunzi wengi wa Kiswahili katika ulinzi uliokusudiwa kuwa wao. Walimu wanaotunga usiku, manesi, makarani wa bandari, hawa ndio wengi.

Baada yake wengine walishika njia ya kujichapishia. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alitoa riwaya zake na za wenziwe kwa kampuni yake ya Heko, Dar es Salaam, na wasomaji wa mabasini walimjua vizuri kuliko wahakiki walivyomjua. Kazi za Shaaban Robert zenyewe zilirudi mikononi mwa mchapishaji wa nyumbani, Mkuki na Nyota. Siku hizi hadithi nyingi hutolewa sehemu kwa sehemu katika simu, na msomaji hulipia kila sehemu. Mtunzi huko hana mpiga chapa kabisa, wala karatasi. Tuzo ya taifa ya uandishi bunifu kwa jina la Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, imewatoa baadhi ya watunzi hawa kwenye mwanga, lakini mikataba yao tunayoletewa bado imejaa mapengo. Fedha anazolipwa mtunzi kwa kila sehemu inayofunguliwa katika simu, je, ni mrabaha, ni bei, au ni ada? Mtu anayemiliki mfumo wa simu ambamo hadithi hupitia, je, ni mchapishaji, ni muuzaji, au ni mwenye gati tu anayetoza ushuru? Kamati yetu ndogo imegawanyika juu ya hili la mwisho, nasi tulio upande wa gati tungependa kusikia kutoka kwa watunzi wa Tanga, Pangani na Muheza ni neno gani wanalotumia wao kwa wao wanapodai fedha zao.